Wote Wamo?

Nimeiweka juu ya kabati la vyombo,
pale ilipokaa zamani redio ya baba:
kompyuta mpakato iliyong'olewa kioo,
niliyoinunua kwa fundi wa Kanyenye
kwa bei ya majogoo mawili na maneno mengi.
Mama akaizunguka
kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.
"Haina uso," alisema. "Itatuonaje?"

Haituoni, mama. Inatutunza.

Umeme wa hapa Isevya una tabia za mgeni wa ukoo,
haupigi hodi ukija, hauagi ukienda.
Nikaifungia betri ya pikipiki ya Dotto,
nikaongeza na feni, maana Oktoba ya Tabora
hukausha mate ya msemaji kabla hajamaliza salamu.
Wiki ya tatu ikazimika.
Kuifungua, nikakuta sisimizi wamehamia,
na mayai yao, na punje ya sukari
waliyoipandisha sijui kwa kamba gani.
Niliwafagia kwa mswaki, mmoja mmoja.
Mama hakusema kitu. Alileta majivu ya jikoni,
akanyunyiza kuzunguka miguu ya kabati.
Hakuna kitabu cha kompyuta kinachotaja majivu.
Hawajarudi.

Kila mtu nilimpa neno lake la siri.
Kulwa, aliyeko Kaliua, hulisahau kila Ijumaa.
Dotto kaliandika kwa chaki nyuma ya mlango.
La mama ni jina la ng'ombe
aliyeuzwa nikaenda kidato cha tano;
sikutakiwa kulijua,
lakini alilitamka kwa sauti wakati anaandika,
herufi kwa herufi, mpangaji akisikia.

Nakala ya pili inakaa Kigoma, kwa mama mdogo Nyanzobe.
Mara mbili kwa mwaka diski inapanda treni,
imefungwa ndani ya khanga, ndani ya sufuria,
mikononi mwa yeyote anayekwenda.
Safari moja ilirudi inanuka migebuka.
Niliichomeka nimeziba pua.
Ilisoma vizuri.

Kwetu majina ni foleni.
Wakizaliwa pacha, Kulwa na Dotto,
anayefuata ni Shija,
na anayemfuata Shija ni mimi, Kashindye.
Nilipopanga makabrasha sikuhitaji namba.

La Shija lina picha mia mbili na kumi na nne
na sauti moja, sekunde tisa.
Anamwambia mtu tusiyemfahamu:
"Nakuja, nipo Urambo hapa, nakuja."
Tangu arobaini yake hakuna aliyelifungua.
Dotto hulipita haraka, kama mtu apitaye
nyumba anayodaiwa.

Ila mashine inalifungua.
Kila saa nane usiku, nyumba ikiwa kimya,
inapita faili kwa faili,
inalinganisha ya leo na ya jana,
stakabadhi za LUKU, cheti cha ubatizo wa Kulwa,
hati ya kiwanja, harusi, mahindi ya mwaka ule,
halafu yeye, wa kwanza hadi wa mwisho,
bila kuruka, bila kulia.
Asubuhi naamka na ujumbe kwenye simu:
Makosa: sifuri.

Tulipokuwa wadogo, kabla ya kutia komeo,
mama alikuwa akiuliza gizani,
"Wote wamo?"
Nasi tukajibu kwa foleni. Kulwa! Dotto! Shija!
Mimi nilikuwa nimeshalala.
Shija ndiye aliyenijibia,
kwa sauti nyembamba ya kuniigiza,
na mama alijifanya hajui.

Jana umeme ulikatika saa tatu.
Betri ikapiga mlio wake, ikashika mzigo.
Taa ya kijani peke yake juu ya kabati.
Mama alisimama mlangoni, mkono kwenye komeo,
akanyamaza kidogo, akauliza.

Sikujua anauliza nyumba au anauliza mashine.

Kulwa, nikasema. Dotto.
Nikatazama simu.
Mia mbili na kumi na nne. Na sauti moja.

"Shija," nikamjibia,
nikiifanya sauti iwe nzito kadiri nilivyoweza.

Akatia komeo.